Picha ya ubongo au hali ya mgonjwa: tupime kwa kipi matokeo ya tiba ya dharura ya kiharusi?

Mtu anayeandaa utafiti wa tiba ya kiharusi, au anayesoma utafiti wa wengine ili aamue kama hospitali yake ibadili utaratibu, hukutana mapema na swali hili: tiba imefaa kwa kipimo kipi? Upande mmoja ipo hali ya mgonjwa mwenyewe baada ya miezi mitatu, kama anatembea, anajilisha, anazungumza na amerejea kwenye shughuli zake. Upande wa pili zipo picha za ubongo, ambazo ndani ya siku moja zinaweza kuonyesha kama mshipa ulioziba umefunguka, ni mililita ngapi za tishu zimekufa, na kama damu imevujia ndani ya ubongo. Vipimo hivi havijibu swali moja, na hata picha zenyewe hutofautiana sana kulingana na mashine, saa ya kupigwa na jicho linalozisoma.

Makala haya yanavilinganisha kwa ajili ya daktari, mwanafunzi wa uzamili au mtafiti anayelazimika kuchagua. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosonga mbele. Picha hueleza vizuri tiba ilifanya nini ndani ya mshipa na ndani ya tishu, na kwa utafiti mdogo wa awali hakuna kipimo kinachoishinda. Lakini pale tunapotaka kusema kwamba mgonjwa amenufaika, picha haitoshi peke yake, na tiba ya kiharusi imeshatoa mifano ya wazi ya watu waliodhani inatosha.

Skeli ya Rankin na uzito wake

Kipimo cha hali ya mgonjwa kinachotumiwa kuliko vyote ni skeli ya Rankin, iliyotokana na kazi ya daktari John Rankin wa Glasgow mwaka 1957 na kurekebishwa baadaye. Ina ngazi saba. Ngazi 0 ni ya mtu asiye na dalili yoyote. 1 ana dalili lakini anafanya shughuli zake zote. 2 hafanyi yote aliyoyazoea ila anajitunza bila kusaidiwa. 3 anahitaji msaada kiasi lakini anatembea mwenyewe. 4 hawezi kutembea wala kujihudumia bila mtu. 5 yuko kitandani na anahitaji uangalizi wa kila wakati. Na 6 amefariki. Majaribio mengi huipima siku ya 90, na yule anayempima mgonjwa hatakiwi kujua alipewa tiba gani.

Nguvu ya skeli hii ni kwamba tofauti kati ya ngazi 2 na ngazi 4 haihitaji kufafanuliwa kwa familia yoyote iliyouguza mgonjwa wa kiharusi. Nguvu nyingine, ambayo watu huisahau, ni kwamba aliyefariki naye ana alama yake. Hakuna mgonjwa anayepotea kwenye hesabu kwa sababu alikuwa mgonjwa mno kiasi cha kushindwa kupimwa. Aidha, inaweza kupimwa kwa simu, jambo lenye thamani kubwa pale ambapo mgonjwa ameshatolewa hospitalini na kurudi kijijini kwao, umbali wa safari ya siku nzima.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Ngazi saba ni chache, hivyo mtu anaweza kupata nafuu kubwa ya mkono bila kubadili ngazi. Siku 90 ni muda mrefu, na ndani yake huingia nimonia, vidonda vya kulala, mazoezi ya viungo yaliyofanyika au yaliyokosekana, dawa za shinikizo la damu zilizokatizwa kwa kukosa fedha. Vilevile wapimaji wawili wanaweza kumpa mgonjwa mmoja alama mbili. Kwetu Afrika Mashariki naona na jambo jingine: skeli inauliza kama mtu anahitaji msaada, ilhali katika nyumba nyingi mzee hupelekewa maji ya kuoga na kuandaliwa chakula kwa heshima, hata kabla hajaugua. Mpimaji asipouliza kwa makini kama mzee anaweza kufanya jambo hilo, badala ya kama analifanya, atampa alama ya ulemavu ambao hana. Hilo halitibiwi kwa picha. Linatibiwa kwa kumfundisha mpimaji na kumwandalia maswali yaliyopangwa.

Ipo pia skeli ya NIHSS, yenye alama kuanzia 0 hadi 42, ambayo hupima kwa kumchunguza mgonjwa nguvu za viungo, usemi, kuona na mengineyo. Hiyo ni daraja kati ya pande mbili, kwa kuwa inaweza kufanywa saa 24 baada ya tiba. Sitaikalia sana hapa, ila ni vyema kukumbuka kwamba inaupa usemi uzito mkubwa, na kwa hiyo kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huonekana kizito zaidi kwa alama kuliko cha upande wa kulia chenye ukubwa uleule.

Ujazo wa eneo lililokufa

Katika vipimo vyote vya picha, hiki ndicho chenye mvuto mkubwa zaidi, na ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Hoja yake inaonekana haina kasoro: kiharusi cha kuziba mshipa huua tishu, tiba inalenga kuokoa tishu, basi tupime mililita zilizokufa, na kundi lenye mililita chache ndilo lililotibiwa vizuri. Mililita ni namba endelevu, si ngazi saba, kwa hiyo mtu hutarajia kuona tofauti kwa wagonjwa wachache zaidi.

Ugumu unaanzia kwenye swali la lini na kwa mashine ipi. Picha ya CT ya saa za mwanzo mara nyingi haionyeshi chochote kwa mgonjwa ambaye tayari amepooza nusu ya mwili, kwa sababu mabadiliko ya tishu huchukua muda kuonekana kwa eksirei. MRI ya aina inayofuatilia mtawanyiko wa maji, iitwayo DWI, huonyesha tishu iliyodhurika ndani ya dakika chache. Michael Moseley na wenzake walilidhihirisha hilo kwa paka mwaka 1990. Lakini DWI nayo si hukumu ya mwisho, kwani baadhi ya sehemu zinazong’aa kwenye picha ya kwanza hurudi katika hali ya kawaida damu ikirejea mapema.

Baada ya hapo eneo lenyewe hubadilika. Kati ya siku ya pili na ya tano uvimbe huongeza ujazo wake, hivyo sehemu ya tunachokipima ni maji, si tishu iliyokufa. Kwenye wiki ya pili au ya tatu, CT inaweza kuonyesha eneo lililokufa likifanana na tishu nzima, hali ambayo humdanganya msomaji asiyeizoea. Kufikia mwezi wa tatu tishu iliyokufa imeliwa na kusinyaa, na kovu linalobaki ni dogo kuliko hasara halisi. Kwa hiyo mtu akisema ujazo ulikuwa mililita 40 bila kutaja siku na aina ya picha, hajasema lolote linaloweza kulinganishwa. Kwa maoni yangu, anayeweza kupata MRI achague DWI ya saa 24, akijua kwamba uvimbe kidogo umeingia, kuliko kusubiri picha ya siku ya 90. Kwa sababu kufikia siku hiyo baadhi ya wagonjwa wamefariki, wengine hawarudi, na hao wasiorudi si sampuli ya kawaida ya kundi.

Suala la wasiorudi lina mfano mzuri katika MR CLEAN, jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2015, ambalo ndilo la kwanza kuonyesha bila shaka kwamba kuvuta bonge la damu kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, kunawafaa wagonjwa walioziba mshipa mkubwa wa ubongo. Lilikuwa na wagonjwa 500. Skeli ya Rankin ilipatikana kwa wote, na waliofika ngazi 0 hadi 2 walikuwa asilimia 32.6 kwa waliovutwa bonge dhidi ya asilimia 19.1 kwa wengine. Ujazo wa eneo lililokufa nao ulikuwa mdogo zaidi, namba ya kati ikiwa mililita 49 dhidi ya 79, lakini kipimo hicho kilipatikana kwa wagonjwa wasiofika 300. Pande zote mbili zilielekea kulekule, na hilo linatia moyo. Hata hivyo ni upande mmoja tu ulioweza kusema habari za kila mtu aliyeingia kwenye jaribio.

Mwaka 2019 kundi la watafiti la HERMES, lililounganisha data za majaribio saba ya kuvuta bonge, liliuliza swali ambalo naliona kuwa kiini cha ulinganisho huu: katika faida yote ambayo tiba iliwapa wagonjwa kwenye skeli ya Rankin, ni sehemu gani inayoelezwa na kupungua kwa ujazo wa eneo lililokufa? Wagonjwa walikuwa zaidi ya 1,600. Jibu lilikuwa takriban asilimia 12. Tiba ambayo kazi yake yote ni kuokoa tishu ilieleweka kwa asilimia 12 tu kupitia kipimo cha tishu iliyookolewa.

Jibu hilo halina maana kwamba tishu haijalishi. Wenye maeneo makubwa yaliyokufa, kwa jumla, huishia vibaya zaidi, na data hizohizo zinaonyesha hivyo. Maana yake ni kwamba mililita, kama tunavyozipima, hazibebi habari nyingi tunazodhani zinazibeba. Mililita tatu kwenye shina la ubongo, au pale njia za neva za mkono na mguu zinapopita zikiwa zimebanana, zinaweza kumlaza mtu kitandani, ilhali mililita 30 za sehemu ya mbele ya upande wa kulia zinaweza kumwacha akitembea. Mtu wa miaka 45 na wa miaka 80 hawapati nafuu sawa kutokana na hasara iliyo sawa. Zaidi ya hayo, tishu inaweza kuwa haikufa yote na bado ikapoteza seli zake nyingi, hali ambayo CT na MRI za kawaida haziioni. Na kipimo chenyewe kilikuwa na kelele: majaribio mengine yalitumia CT, mengine MRI, kwa saa tofauti, na kelele ya namna hiyo hufifisha uhusiano wowote uliopo.

Ujazo una historia nyingine inayotufundisha. Katika maabara, ndicho kipimo ambacho panya wamepimwa kwacho kwa miongo mingi. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa, nyingi zikiwa zimepunguza eneo lililokufa kwa wanyama, na karibu zote zilishindwa kuwa tiba ya binadamu. Dawa ya NXY-059 ndiyo inayokumbukwa zaidi, kwa sababu jaribio lake la mwisho lililochapishwa mwaka 2007 lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 na halikuonyesha faida. Karibuni zaidi, katika jaribio la ESCAPE-NA1 la mwaka 2020, dawa ya nerinetidi haikuwafaa wagonjwa 1,105 kwa jumla, ila wale ambao hawakuwa wamepewa dawa ya kuyeyusha bonge walionekana kuwa na maeneo madogo yaliyokufa na hali bora. Jaribio lililofuata, lililowaelekea wagonjwa wa aina hiyo hasa, halikuithibitisha faida hiyo.

Kukua kwa eneo, badala ya ukubwa wake

Baadhi ya watafiti walijaribu kuuponya udhaifu huu kwa kupima ukuaji: picha ya kwanza inatolewa kwenye picha ya mwisho, ili kila mgonjwa alinganishwe na nafsi yake. Jaribio la EPITHET, lililochapishwa mwaka 2008, lilichukua njia hiyo. Wagonjwa 101 walipewa alteplesi, dawa ya kuyeyusha bonge, au dawa bandia kati ya saa 3 na saa 6 tangu dalili zianze, na kipimo kikuu kikawa ukuaji wa eneo lililokufa hadi siku ya 90. Ukuaji ulikuwa mdogo zaidi kwa waliopewa alteplesi, lakini tofauti haikuvuka kiwango cha kitakwimu. Kurejea kwa damu kwenye tishu, ambako kulikuwa kipimo cha pembeni, kulionyesha tofauti iliyo wazi.

Mwaka uleule ECASS III, jaribio la Ulaya lenye wagonjwa 821 waliotibiwa kati ya saa 3 na saa 4 na nusu, lilitumia skeli ya Rankin na likapata jibu: asilimia 52.4 ya waliopewa alteplesi walifika ngazi 0 au 1, dhidi ya asilimia 45.2. Ndiyo iliyobadilisha utaratibu wa hospitali nyingi duniani. Kwa haki ya EPITHET, lilikuwa dogo na muda wake ulikuwa mrefu zaidi. Lakini ahadi kwamba kipimo cha picha hupunguza idadi ya wagonjwa wanaohitajika haikutimia pale, na sababu moja ni kwamba ukuaji hautawanyiki vizuri kwa takwimu: wapo wagonjwa ambao eneo halikui kabisa, na wapo wachache ambao linakua kwa zaidi ya mililita 100, na hao wachache huutikisa wastani wote.

Mshipa kufunguka na damu kurejea

Hapa ndipo picha inaposimama imara, na ningemshauri mtu anayetaka kipimo kimoja tu cha picha kwa tiba ya kufungua mshipa achague hiki kabla ya ujazo. Sababu ni rahisi: kinapima kile hasa ambacho tiba inakusudia, kinapimwa saa chache baada ya tiba, na uvimbe au kusinyaa kwa tishu hakukigusi.

Ni lazima, hata hivyo, kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya wodini huyachanganya. Mshipa kufunguka ni jambo moja. Damu kufika kwenye tishu iliyo mbele ya mshipa ni jambo la pili. Bonge linaweza kuondoka kwenye mshipa mkubwa na vipande vyake vikaziba vidogo. Skeli ya TICI, inayosomwa kwenye picha za katheta, hujaribu kupima hilo la pili: alama 0 ni hakuna damu iliyopita, 2b ni damu imerejea kwenye nusu au zaidi ya eneo lililokuwa limekosa, na 3 imerejea kote. Alama ya 2b ni pana mno, kwani mgonjwa aliyerejeshewa asilimia 55 na aliyerejeshewa asilimia 89 hupewa alama moja, na ndiyo maana matoleo mapya ya skeli yameigawanya na kuongeza 2c. Daktari aliyefanya kazi hiyo kwa mkono wake huwa na mwelekeo wa kujipa alama ya juu kuliko msomaji huru, kwa hiyo utafiti unaotegemea usomaji wa mtendaji peke yake nausoma kwa tahadhari.

TICI ina pengo moja kubwa: inapatikana kwa aliyewekewa katheta tu. Kundi la kulinganishia lisilowekewa katheta halina TICI. Katika MR CLEAN watafiti walipiga CT ya mishipa baada ya saa 24 kwa pande zote mbili, na mshipa ulikuwa wazi kwa asilimia 75.4 ya waliovutwa bonge dhidi ya asilimia 32.9 ya wengine, ingawa picha hizo zilipatikana kwa wagonjwa 394 kati ya 500. EXTEND-IA, jaribio la Australia na New Zealand la mwaka huohuo wa 2015, lilitumia picha za mtiririko wa damu kwa pande zote na likapata namba ya kati ya asilimia 100 ya eneo lililorejeshewa damu, dhidi ya asilimia 37. Wagonjwa walikuwa 70 tu. Hiyo ndiyo nguvu ya kipimo cha picha kilichochaguliwa vizuri: jibu lilipatikana kwa watu 70, na skeli ya Rankin ikaliunga mkono, kwani asilimia 71 dhidi ya 40 walifikia kujitegemea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tenekteplesi, dawa nyingine ya kuyeyusha bonge, kwa sababu unaonyesha mpangilio sahihi wa vipimo hivi viwili. Mwaka 2018 jaribio la EXTEND-IA TNK lilichukua wagonjwa 202 waliokuwa wote wanaelekea kuvutwa bonge, likawapa nusu tenekteplesi na nusu alteplesi, kisha likaangalia kwenye picha ya kwanza ya katheta kama damu imesharejea kwa zaidi ya nusu ya eneo kabla bonge halijavutwa. Kwa kuwa kila mmoja alipigwa picha ya katheta, pengo nililolitaja halikuwepo. Matokeo yalikuwa asilimia 22 dhidi ya 10. Lakini hakuna aliyepaswa kubadili dawa ya nchi nzima kwa wagonjwa 202. Ilibidi lije jaribio la AcT la Kanada mwaka 2022, lenye wagonjwa 1,600 na skeli ya Rankin kama kipimo kikuu, likionyesha asilimia 36.9 dhidi ya 34.8 kufikia ngazi 0 au 1, ndipo ikawa halali kusema tenekteplesi si duni kwa alteplesi. Picha ilifungua njia kwa bei nafuu, na hali ya wagonjwa ikathibitisha.

Damu iliyovuja

Kuvuja damu ndani ya ubongo ndiyo hofu kuu ya dawa za kuyeyusha bonge, na hapa picha haina mbadala: bila CT au MRI huwezi kujua kama mgonjwa aliyezidiwa amevuja damu au ubongo wake umevimba. Swali la kuchagua si kama upige picha, bali utumie tafsiri ipi ya kuvuja damu kunakoleta dalili. Tafsiri ya jaribio la NINDS la mwaka 1995 huhesabu damu yoyote inayoonekana pamoja na kuzorota kokote kwa hali. Ile ya ECASS III inadai mgonjwa awe ameshuka kwa angalau alama 4 za NIHSS au amefariki, na damu iwe ndiyo sababu kuu. Katika ECASS III yenyewe, wagonjwa walewale waliopewa alteplesi walivuja damu kwa asilimia 2.4 kwa tafsiri yao, na asilimia 7.9 kwa tafsiri ya NINDS. Mtu anayelinganisha majaribio mawili kwa namba hizi bila kuangalia tafsiri anaweza kuiogopa dawa salama au kuiamini isiyo salama.

Picha inaweza pia kututisha kupita kiasi. Katika jaribio la Japani la mwaka 2022 lililowahusu wagonjwa 203 waliofika na maeneo makubwa tayari yameharibika, damu ya aina yoyote ilionekana kwa asilimia 58.0 ya waliovutwa bonge dhidi ya asilimia 31.4 ya wengine. Anayeangalia picha peke yake angesimamisha tiba hiyo. Lakini siku ya 90, waliofika ngazi 0 hadi 3 walikuwa asilimia 31.0 dhidi ya 12.7. Madoa madogo ya damu ndani ya tishu iliyokwisha kufa si sawa na bonge la damu linalousukuma ubongo, na utafiti usiotenganisha hayo mawili unafanya makosa.

Pale picha ilipokwenda peke yake

Kiharusi cha kupasuka mshipa kilitoa somo zito kuliko yote. Mwaka 2005 jaribio la wagonjwa 399 lilionyesha kwamba dawa ya kugandisha damu, faktari ya VIIa, ikitolewa mapema inazuia bonge la damu iliyovuja lisikue kwenye CT, na vifo vilipungua pia. Matumaini yalikuwa makubwa, na yalikuwa na msingi. Jaribio la FAST la mwaka 2008, lenye wagonjwa 841, lilirudia kipimo hicho na kukithibitisha: bonge lilikua kwa asilimia 26 kwa waliopewa dawa bandia, na asilimia 11 tu kwa waliopewa kipimo kikubwa cha dawa. Vifo na ulemavu mkubwa havikupungua. Kiashiria cha picha kilifanya kila kilichotarajiwa, na wagonjwa hawakupata walichotarajia. Asidi ya traneksamiki, dawa nyingine ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, ilifuata njia inayofanana katika jaribio la TICH-2 la mwaka 2018, ambapo ukuaji wa bonge ulipungua kidogo na hali ya wagonjwa siku ya 90 haikutofautiana.

Kinyume chake pia kipo, na hakitajwi vya kutosha. Kuondoa sehemu ya fuvu kwa mgonjwa ambaye ubongo umevimba kupita kiasi hakupunguzi hata mililita moja ya eneo lililokufa. Hata hivyo data za majaribio matatu ya Ulaya zilizounganishwa mwaka 2007, zenye wagonjwa 93 wasiozidi miaka 60, zilionyesha waliopona kifo ni asilimia 78 dhidi ya 29. Uangalizi wa kitengo maalumu cha kiharusi, ambao huokoa maisha kwa kuzuia nimonia, kumpa mgonjwa chakula kwa njia salama na kumwinua mapema, nao hauonekani kwenye picha. Anayepima kila tiba ya kiharusi kwa mililita atazikosa tiba mbili kati ya zile zilizo na faida kubwa zaidi.

Kuchagua

Kama swali lako ni iwapo dawa au kifaa kipya kinafungua mshipa, na una wagonjwa wasiofika 200, chagua kurejea kwa damu kuwa kipimo kikuu, hakikisha makundi yote mawili yanapigwa picha ya aina moja kwa saa ileile, na mpe picha msomaji asiyejua tiba. Kama swali ni iwapo dawa inaulinda ubongo bila kugusa bonge, ujazo wa eneo lililokufa kwenye DWI ya saa 24 unafaa kwa hatua ya awali, ila uamue kabla ya kuanza jinsi utakavyowahesabu waliofariki bila picha ya pili. Ukiwaondoa, umewaondoa wale ambao tiba iliwashinda zaidi. Kama swali ni iwapo hospitali au wizara ibadili utaratibu, chagua Rankin siku ya 90, uitumie skeli nzima badala ya kuikata katikati, na picha zibaki kueleza kwa nini matokeo yalikuwa yalivyo. Alama za ASPECTS, zinazosomwa kwenye CT kwa kutoa pointi moja kutoka 10 kwa kila sehemu iliyoharibika, ni rahisi na hazihitaji programu ya kukokotoa mililita, lakini nazipendelea zaidi kwa kuchagua wagonjwa kuliko kwa kupima matokeo.

Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki, ambako CT ipo mjini, MRI ni adimu na mara nyingi mgonjwa hulipia mwenyewe, ningeanza na picha moja ambayo tiba yenyewe tayari inaidai. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha bonge hupigwa CT baada ya saa 24 kabla ya kuanzishiwa aspirini, ili kuhakikisha hakuna damu. Picha hiyo haimwongezei mgonjwa gharama ya utafiti, inatosha kupima kuvuja kwa damu, na inatosha kukadiria eneo lililokufa kwa kiasi kinachokubalika, mradi faili lake lihifadhiwe lote badala ya kubaki na filamu iliyokunjwa kwenye bahasha ya mgonjwa, na saa ya kupigwa iandikwe pamoja na saa ambayo dalili zilianza. Hiyo, na simu ya siku ya 90 inayopigwa na muuguzi aliyefundishwa kuuliza kwa Kiswahili kinachoeleweka kama mgonjwa anaweza kuoga, kuvaa na kutoka nje peke yake, na kuwauliza ndugu pia pale ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kusema.